Gari la dizeli lisilochaji: Chanzo kitafutwe kabla ya kununua betri mpya

KATIKA mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo, pembezoni mwa soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, si jambo geni alfajiri kusikia stata ya gari ikizunguka kwa uchovu, kisha ikanyamaza. Vijana wawili watatu huitwa, gari likasukumwa, injini ikaunguruma na shughuli za siku zikaanza. Jioni hali hujirudia. Siku ya tatu mwenye gari hununua betri mpya, na wiki chache baadaye nayo hufa.

Kwa mwenye Hiace ya kubebea mizigo au pikapu ya kusambazia bidhaa, kila asubuhi ya namna hiyo ni hasara. Dereva hukosa safari za mapema zenye wateja wengi, hesabu ya tajiri haitimii, na fedha ambazo zingenunua matairi huishia kwenye betri zisizokuwa na kosa. Katika magari mengi ya dizeli ya zamani hatari huenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa altaneta inayozalisha umeme ndiyo pia inayoendesha pampu inayosaidia breki.

Tatizo hilo hutibika kwa urahisi iwapo uchunguzi utafuata utaratibu, kwa kuanza na vitu rahisi visivyo na gharama kabla ya kufikia vile vya bei kubwa.

Kazi ya kila kifaa

Mfumo wa kuchaji una sehemu kuu nne, nazo ni betri, altaneta, mkanda unaoizungusha altaneta, na nyaya zinazounganisha vyote hivyo. Betri ya risasi na tindikali, ambayo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ni ghala tu la umeme. Kazi yake kubwa ni kuizungusha stata wakati wa kuwasha gari. Injini ikishawaka, altaneta hupokea mzigo wote wa taa, feni, redio na kiyoyozi, na wakati huohuo hurudisha katika betri kile kilichotumika.

Altaneta ilianza kuchukua nafasi ya dainamo katika magari ya kawaida miaka ya 1960, baada ya kampuni ya Chrysler ya Marekani kuifunga katika gari lake la Valiant la mwaka 1960. Ubora wake ni kuzalisha umeme wa kutosha hata gari linapokwenda polepole. Ndani yake mna diodi zinazougeuza umeme unaobadilika mwelekeo kuwa umeme unaotiririka upande mmoja, kaboni mbili zinazopeleka umeme katika rota, na regyuleta, ambayo mafundi wa zamani huiita katauti, inayozuia volti zisipande kupita kiasi.

Kwa nini dizeli kuukuu ni tofauti

Injini ya petroli huhitaji umeme kila sekunde ili plagi zake zitoe cheche. Altaneta yake ikifa na betri ikaisha, gari huzimika barabarani, na mwenye gari hutambua mara moja kwamba kuna kasoro. Injini za dizeli za zamani zenye pampu ya mafuta isiyo ya kompyuta, kama zile za 2L, 3L na 5L zilizofungwa katika Toyota Hiace na Hilux, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Zikishawaka, umeme unaozitunza ni mdogo sana, nao hutumika hasa kuishikilia wazi solenoidi inayoruhusu mafuta kupita.

Kwa sababu hiyo gari la dizeli laweza kwenda kutwa nzima bila kuchaji hata kidogo, hasa mchana ambapo taa zimezimwa. Dereva huegesha jioni akiamini kwamba gari ni zima, kumbe betri imebaki tupu. Asubuhi yake lawama zote huiangukia betri.

Aidha, mahitaji ya injini hiyo wakati wa kuwasha ni makubwa. Injini nyingi za aina hiyo huibana hewa kwa zaidi ya mara 20, ilhali injini za petroli za rika hilo ziliibana kwa takriban mara tisa au kumi. Stata yake huhitaji nguvu nyingi, na kabla ya hapo plagi za kupashia moto hutumia umeme kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana magari hayo hufungwa betri kubwa, mathalani zile zinazojulikana madukani kwa jina la N70. Betri ndogo ya gari la petroli ikifungwa humo kwa kubana matumizi, haichukui muda kuchoka.

Taa nyekundu ya dashibodi

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji kifaa chochote. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa yenye alama ya betri kwenye dashibodi inapaswa kuwaka. Injini ikishawaka, inapaswa kuzimika.

Taa ikibaki inawaka wakati injini inaunguruma, altaneta haichaji. Ikiwaka kwa ufifi au kufuata mwendo wa injini, kuna uwezekano wa diodi iliyoungua, kaboni zilizokwisha au mkanda unaoteleza.

Hali inayowapotosha wengi ni ile ambayo taa haiwaki kabisa, hata ufunguo unapozungushwa kwa mara ya kwanza. Wapo wanaodhani kuwa hiyo ni dalili njema. Ukweli ni kwamba katika magari mengi ya zamani umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, fyuzi yake ikikatika au waya wake ukichomoka, altaneta nzima kabisa yaweza kukaa bila kuchaji. Balbu ya bei ndogo huwa ndiyo ugonjwa wenyewe, wakati altaneta imekwisha kufunguliwa na kupelekwa kwa fundi.

Mkanda na vichwa vya betri

Hatua ya pili ni kuangalia kwa macho na kugusa kwa mikono, injini ikiwa imezimwa. Mkanda wa altaneta unapobonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, unapaswa kushuka kwa takriban sentimita moja. Ukishuka zaidi umelegea na utateleza, hasa taa na kiyoyozi vinapowashwa pamoja. Mlio mkali wakati wa kuwasha gari, pamoja na pande za mkanda zilizong'aa kama kioo, ni ushahidi wa kuteleza huko. Katika injini zenye mikanda miwili inayokwenda sambamba, yote hubadilishwa kwa pamoja, kwani mpya ukiwekwa na mkuukuu, mmoja hubeba mzigo wa miwili.

Baada ya mkanda hufuata vichwa vya betri. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na ungaunga mweupe au wa kijani hujikusanya haraka mahali waya unapokutana na betri. Ungaunga huo huzuia umeme kupita. Huondolewa kwa maji ya moto na brashi, kisha vichwa hukazwa na kupakwa grisi nyembamba.

Waya wa ethi, yaani ule unaotoka upande hasi wa betri hadi kwenye bodi na injini, husahauliwa mara nyingi kuliko nyaya zote. Injini hukaa juu ya mipira na hutikisika, hivyo waya huo hukatika nyuzi ndani ya ganda lake, au hulegea baada ya fundi kufungua gia na kusahau kuukaza. Stata ikizunguka kwa uzito na taa zikififia licha ya betri kuwa nzima, ethi ni ya kwanza kushukiwa.

Kupima kwa multimita

Macho yakishindwa, multimita ndogo ya kidijitali, ambayo hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, hutoa majibu kwa dakika chache.

Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha inapaswa kusoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imekaribia kuwa tupu. Wakati stata inazunguka, kipimo hakipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6. Ikiwa betri ilisoma 12.6 ikipumzika kisha ikaporomoka hadi volti saba au nane stata inapoguswa, ama betri hiyo imechoka ndani, ama stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi.

Baada ya hapo injini huwashwa na kipimo kurudiwa palepale kwenye vichwa vya betri. Mfumo mzima unaofanya kazi husoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Taa kubwa na feni zikiwashwa na injini ikaongezwa mwendo kidogo, kipimo kinapaswa kubaki juu ya volti 13.5 au karibu na hapo. Kikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, altaneta haileti kitu. Kikipanda kupita volti 15, regyuleta imeharibika, na betri inachemshwa. Dalili zake ni maji ya betri kupungua haraka, harufu kali ya tindikali na balbu kuungua mara kwa mara.

Kipimo cha nne hutumika kuchunguza diodi. Multimita huwekwa upande wa umeme unaobadilika mwelekeo, na vichwa vya betri hupimwa wakati injini inaunguruma. Kikizidi takriban nusu volti, huenda diodi moja au zaidi imeungua. Altaneta ya namna hiyo huweza kuonekana kuwa inachaji, lakini haifikishi nguvu yake kamili.

Umeme unaopotea njiani

Hutokea altaneta ikazalisha vizuri, lakini betri isipate. Ili kujua hilo, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, waya mmoja wa multimita huguswa kwenye nati kubwa ya altaneta na mwingine kwenye kichwa chanya cha betri. Tofauti inayoonekana haipaswi kuzidi volti 0.3. Kisha hupimwa kati ya ganda la altaneta na kichwa hasi, ambapo tofauti haipaswi kuzidi volti 0.2. Upande utakaozidisha ndio wenye waya uliooza, nati iliyolegea au kiungo kilichoungua.

Iwapo nati ya altaneta inasoma volti nyingi huku betri ikibaki kwenye 12, fyuzi kubwa iliyo karibu na betri inapaswa kukaguliwa. Fyuzi hiyo hukatika pale mtu anapoazima umeme kutoka gari jingine na kukosea, akaunganisha chanya na hasi.

Ndipo zamu ya altaneta yenyewe hufika. Ikigongwa taratibu kwa mpini wa mti na taa ya chaji ikazimika kwa muda, kaboni zake zimekwisha. Hizo hubadilishwa peke yake, na hakuna sababu ya kununua altaneta nzima. Mlio wa kukwaruza unaofuata mwendo wa injini huashiria beringi zilizochoka.

Betri inayokwisha usiku

Ikiwa vipimo vyote vya kuchaji ni vizuri, lakini betri huamka tupu, kuna kitu kinachoinyonya gari likiwa limeegeshwa. Ufunguo ukitolewa na milango kufungwa, waya hasi wa betri huchomolewa na multimita iliyowekwa upande wa ampea huunganishwa katikati. Gari la zamani lisilo na vifaa vingi linapaswa kutumia chini ya ampea 0.05. Ikizidi hapo, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke, na saketi iliyosababisha hubainika. Wakati wa kipimo hicho ufunguo usizungushwe, kwani umeme wa stata utaiunguza multimita.

Washukiwa wakubwa ni redio na vikuza sauti vilivyounganishwa moja kwa moja na betri, alamu zilizofungwa ovyo, na diodi ya altaneta inayovujisha. Dizeli ina mshukiwa mwingine wa ziada, nayo ni rilei ya plagi za kupashia moto. Rilei hiyo ikiganda, plagi zote huendelea kuvuta makumi ya ampea wakati injini inaunguruma, na fundi asiye makini huihukumu altaneta kuwa dhaifu.

Magari ya volti 24

Baadhi ya Coaster, Land Cruiser na malori yaliyotoka Japani hutumia betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Hayo yanapaswa kusoma takriban volti 28 yanapochaji. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kufunga redio au taa za volti 12 kwa kuchukua umeme kutoka betri moja tu. Betri hiyo hupungua kila siku, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili hufa. Tiba yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, na betri hizo zinapobadilishwa zibadilishwe zote kwa pamoja, za aina na umri mmoja.

Altaneta na breki

Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kuisaidia breki kama ilivyo kwa petroli. Kwa hiyo hufungwa pampu maalumu ya vakyumu inayolihudumia busta la breki. Katika injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, na nyingine kadhaa za rika hilo zikiwamo za Isuzu na Nissan, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta na huzungushwa na mhimili uleule.

Maana yake ni kwamba mkanda ukikatika, gari halipotezi umeme peke yake. Akiba ya vakyumu iliyomo katika busta hutosha kukanyaga breki mara chache, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Breki hazijafa, lakini huhitaji nguvu nyingi za mguu, na gari lililojaa mizigo husimama mbali zaidi kuliko dereva alivyotarajia. Katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, wenye watembea kwa miguu, mikokoteni na bodaboda pande zote, umbali huo waweza kugharimu maisha. Taa ya chaji ikiwaka ghafla barabarani, dereva wa gari la namna hiyo anapaswa kupunguza mwendo, kuegesha na kuangalia mkanda, badala ya kuendelea kwa kujipa moyo kwamba atafika.

Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili huingia ndani ya altaneta na kuziharibu kaboni. Altaneta iliyolowa oili upande wa nyuma, huku kiwango cha oili kwenye injini kikishuka, haitapona kwa kubadilishiwa kaboni tu. Sili na mipira ya oili lazima vishughulikiwe kwanza.

Kununua spea Kariakoo

Mtu anayefika Kariakoo bila kujua anachotafuta hupokewa na mawinga, kila mmoja akiwa na duka lake la kumpeleka. Njia salama ni kwenda na altaneta ya zamani mkononi na kuilinganisha na ile inayouzwa kwa idadi ya matundu ya bolti, upana na mifereji ya puli, umbo la plagi ya waya, volti na ampea zilizoandikwa kwenye kibao, na uwepo wa pampu ya vakyumu. Altaneta ya injini ya petroli, hata ikiwa ya Toyota na ya bei nafuu, haina pampu hiyo.

Altaneta ya mtumba kutoka Japani huweza kudumu kuliko mpya ya bandia, mradi ipimwe kwenye benchi la fundi rewaya kabla ya malipo, na mhimili wake uzunguke bila kukwaruza. Risiti ya mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, ni kinga ya mnunuzi iwapo kifaa kitakataa kufanya kazi. Wakati wa kufunga, pampu hutiwa oili kidogo kabla ya injini kuwashwa, ili isizunguke kavu.

Desturi za kuachwa

Ipo desturi ya kuchomoa waya wa betri wakati injini inaunguruma ili kuona kama gari litazimika. Desturi hiyo ni ya hatari. Betri ikitoka, volti hupanda ghafla na kuunguza diodi na regyuleta zilizokuwa nzima. Tena kwa dizeli zinazozimwa kwa waya wa kuvuta, jaribio hilo halithibitishi kitu, kwani injini itaendelea kuunguruma hata kama altaneta imekufa.

Vilevile tindikali haiongezwi katika betri iliyopungukiwa maji. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri. Sigara na cheche ziwekwe mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Mkanda, vichwa vya betri, ethi, balbu ya dashibodi na vipimo vya multimita havichukui zaidi ya nusu saa kukaguliwa. Mwenye gari anayeanzia hapo hufika kwa fundi akiwa na majibu mkononi, na betri aliyonayo huenda ikamfikisha mwaka mwingine.